Skrini ya kompyuta inapolia au kumetameta: namna ya kubaini chanzo

Skrini ya kompyuta inayotoa mlio au kumetameta mara nyingi hudhaniwa kuwa imekufa, ikauzwa kwa bei ya chakavu. Hata hivyo, huenda hitilafu haimo ndani ya skrini yenyewe, bali katika waya, soketi au mipangilio ya kompyuta.

Hatua ya kwanza ni kujua tatizo liko upande gani. Skrini bapa nyingi zina menyu yake yenyewe, inayofunguliwa kwa vitufe vya ukingoni. Ifungue wakati picha inacheza. Menyu ikitulia ilhali picha iliyo nyuma yake yacheza, chanzo ni kompyuta au waya unaoiunganisha na skrini. Kaza waya huo pande zote mbili, kisha ujaribu mwingine. Ikiwa menyu nayo yacheza, hitilafu imo katika skrini au umeme unaoiendesha.

Mlio mwembamba hutokana na koili za mfumo wa umeme zinazotetemeka. Ongeza mwangaza hadi mwisho: mlio ukitoweka, chanzo ni sakiti inayopunguza mwangaza. Mlio huo huudhi, lakini kwa kawaida hauna madhara. Mvumo mzito katika spika ni jambo jingine. Kwa kompyuta ya mapajani, chomoa chaja. Mvumo ukikoma, chomeka vifaa vyote katika soketi moja ya ukutani.

Skrini ikiwa nyeusi ilhali imewashwa, imulike kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu, kilichozimika ni taa za nyuma tu.

Wanunuzi wa skrini zilizotumika wasome kibandiko cha nyuma kabla ya kuzichomeka. Umeme wa majumbani nchini Kenya, Uganda na Tanzania ni wa volti 230 hadi 240, na wa Marekani ni volti 120. Kibandiko kikionyesha volti 100 hadi 240, skrini inafaa pote. Kikionyesha 120 pekee, huenda ikaungua mara moja.

Harufu ya kuungua, moshi au sauti ya kupasuka ni onyo. Chomoa plagi, wala usifungue kifuniko. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na skrini za zamani za chogo hubeba maelfu ya volti. Kazi hiyo ni ya fundi, ambaye pengine atabadilisha kapasita moja iliyovimba, kwa gharama ndogo kuliko ya skrini mpya.

Na isipotengenezeka, isitupwe jalalani wala kuchomwa moto. Taa za skrini bapa za miaka ya nyuma zina zebaki, sumu inayodhuru udongo, maji na watoto wanaookota vyuma chakavu.