Kalamu ya Nibu, Biro na Daftari la Lindo

Katika Barabara ya Nasser mjini Kampala, mahali penye mitambo ya uchapaji na maduka ya karatasi yaliyobanana mlango kwa mlango, tuliingia hivi karibuni kununua bahasha. Mbele yetu alisimama koplo mmoja kijana, kalamu moja katika kila mkono, akizipima kama mtu achaguaye mayai sokoni. Moja ilikuwa biro ya plastiki ya shilingi 500. Ya pili ilikuwa kalamu ya nibu ya zile rahisi zinazojazwa wino kiwandani, ambayo mtu huiandikia mpaka wino ukwishe, kisha akaitupa. Bei yake iliizidi ile ya biro mara kadhaa, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, nasi tuliona jinsi moyo wake ulivyoelemea huko. Alipotutambua alisimama kwa adabu, akauliza: "Afande, ipi ifaayo kwa kazi?"

Tulimjibu kwa ufupi, kwa kuwa mwenye duka alikuwa akisubiri fedha zake. Lakini jibu kamili lina urefu wake, na tumeona vema tuliandike hapa, kwani askari jeshi na askari polisi ni watu wa kuandika kuliko raia wengi wanavyodhani. Zamu hupokewa kwa maandishi, silaha hutolewa ghalani kwa maandishi, mahabusi huingizwa kwa maandishi, na maelezo ya shahidi huandikwa na kutiwa sahihi kabla hayajafika mbele ya hakimu.

Kalamu ya nibu si kitu cha kudharauliwa. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu yake mwaka 1884, na tangu hapo msingi wake haukubadilika sana: wino hushuka wenyewe kupitia ufa mwembamba wa nibu, bila mkono kukandamiza. Mtu aandikaye kurasa nyingi haumwi vidole. Zamani ilikuwa mali ya kutunzwa na hata kurithiwa, na ofisa aliichomeka mfukoni mwa shati ili kibano chake kionekane. (Tumewajua waliochomeka kifuniko peke yake, kalamu yenyewe ikiwa imepotea siku nyingi.) Siku hizi Wajapani wameishusha bei. Kampuni ya Pilot hutengeneza V-Pen, ambayo huko Marekani huitwa Varsity, nayo ni ya kutupwa wino ukiisha. Kampuni ya Platinum hutengeneza Preppy, ambayo pia ni rahisi lakini haina haja ya kutupwa, kwani kichupa chake cha ndani hubadilishwa.

Biro ilikuja baadaye. László Bíró, mwandishi wa magazeti wa Hungaria, aliona kwamba wino wa mtambo wa gazeti hukauka upesi bila kutapakaa. Wino huo ulikuwa mzito mno kupita katika nibu, hivyo yeye na ndugu yake György wakaweka gololi ndogo kwenye ncha ya kalamu, izunguke na kuupaka wino karatasini. Hataza yake ni ya mwaka 1938. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Anga la Uingereza liliipenda kalamu hiyo kwa sababu haikuvuja ndege ilipopaa juu. Mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa alianza kuuza Bic yake, nayo ikawa kalamu ya kila mtu. Kampala nayo haikubaki kuagiza tu: kiwanda cha Nice House of Plastics, kilichoanzishwa na marehemu James Mulwana, hutengeneza biro hapa hapa.

Sasa tueleze kwa nini tulimshauri koplo yule kama tulivyomshauri.

Tulipokuwa katika chuo cha maofisa wanafunzi, tulikuwa na kalamu ya nibu tuliyopewa na mjomba, nasi tuliionea fahari kupita kiasi. Usiku mmoja wa mazoezi porini tulikuwa kamanda wa gadi, na daftari la lindo lilikuwa mikononi mwetu. Kila mlinzi alipompokea mwenzake tuliandika jina na saa, kwa wino wa buluu na herufi nzuri. Saa tisa usiku mvua ilinyesha, mvua ile ya kwetu isiyobisha hodi. Tulilificha daftari ndani ya shati, lakini shati lenyewe lilikuwa maji matupu. Kulipopambazuka, betri moja ya redio haikuonekana. Mkufunzi akauliza ni nani aliyekuwa lindoni kati ya saa nane na saa kumi. Tukafungua daftari, na ukurasa ulikuwa wingu la buluu.

Tulikumbuka kwamba rafiki yetu alikuwa amekabidhi zamu kabla ya saa tisa, tukasema hivyo. Aliyempokea alisema alikabidhiwa baadaye sana. Mkufunzi alitutazama, akauliza, "Iko wapi?" Hatukuwa na cha kuonyesha. Rafiki yetu alirudishwa nyuma kozi nzima. Hakutulaumu hata siku moja, lakini mpaka leo ni mdogo wetu kwa cheo, na kila tukutanapo ndiye anayeanza kupiga saluti.

Mvua haikuwa na kosa, wala kalamu. Wino wa kawaida wa kalamu za nibu ni rangi iliyoyeyushwa majini, na kilichoyeyushwa majini hurudi majini. Upo wino wa nibu usiofutika kwa urahisi, ule wa kale uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na maji ya vivimbe vya mwaloni, ambao huzidi kuwa mweusi unapokauka. Waingereza waliutumia katika vitabu vya kuandikishia ndoa. Lakini sio unaojazwa katika kalamu za kutupwa. Wino wa biro una asili ya mafuta, nao hustahimili mvua. Tena ncha ya biro hukandamiza: nakala za chini ya karatasi ya kaboni hutoka wazi, jambo ambalo nibu haiwezi. Hata ukurasa wa juu ukichanwa, mara nyingi alama hubaki katika ukurasa wa chini, na mtaalamu wa hati huweza kuzisoma kwa kumulika taa kutoka ubavuni. Laiti tungekuwa na biro usiku ule, rafiki yetu angekuwa na shahidi.

Biro nayo ina adui wake. Spiriti na vimiminika vya namna hiyo huuyeyusha wino wake, na waghushi wa hundi wanalijua hilo. Kwa hiyo kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na nafasi iliyobaki ipigwe mstari.

Koplo alichukua biro mbili. Akasita kidogo, akaongeza ile ya nibu, akisema ni ya kumwandikia mama yake huko Arua. Hapo hatukuwa na pingamizi, ila tulimwambia aifunike kila amalizapo, kwa sababu nibu ikiachwa wazi hukauka, na bahasha aitie ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kumpa dereva wa basi.