Siku arobaini zikiisha, nani anamuuliza mama?

Mzazi akirudi nyumbani, nyumba hujaa watu. Mama mkwe anamkanda kwa maji ya moto, shangazi anapika mtori, majirani wanaleta kanga na sabuni. Malezi hayo ni kinga kubwa, na sipendi kuyasikia yakiitwa mambo ya kizamani. Ila zikitimia siku arobaini kila mtu hurudi kwake, na mara nyingi huo ndio wakati sonona inaanza kushika.

Si kila chozi ni sonona. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizokuwa juu wakati wote wa ujauzito hushuka ghafla. Siku ya tatu au ya nne wanawake wengi hulia bila kujua kinachowaliza, kisha hali hutulia yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikivuka hapo, tuache kusema "atazoea".

Mwenye sonona hafurahii tena alivyovipenda. Usingizi haumjii hata mtoto akiwa amelala fofofo. Anajilaumu kuwa mama mbaya, au anamnyonyesha mwanawe bila kuhisi chochote, na jambo hilo humtia aibu kiasi kwamba halisemi. Kliniki atalalamikia kichwa, mapigo ya moyo na uchovu. Akibanwa sana atasema ana mawazo. Ni kweli upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo huchosha vilevile, kwa hiyo apimwe. Lakini akipewa dawa ya maumivu na kuruhusiwa bila swali lingine, tumemkosa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupatwa na tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Wengi wao huja kliniki. Mtoto hupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Anapimwa uzito na kadi inajazwa, huku aliyembeba hapimwi kitu. Tangu mwaka 1987 lipo dodoso la Edinburgh la kubaini dalili za sonona, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, linalojibiwa kwa dakika chache tu. Alama 13 au zaidi zinadai uchunguzi wa kina. Swali la mwisho linahusu kujidhuru, na jibu lake halipuuzwi hata kama jumla ni ndogo.

Tiba ipo, na haingoji daktari bingwa. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, mtafiti Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa jamii namna ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona na kuendelea kuwatembelea baada ya kujifungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto alipofika miezi 6, asilimia 23 ya akina mama hao walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wale waliotembelewa na wahudumu wasio na mafunzo hayo. Wahudumu wa namna hiyo tunao vijijini kwetu. Dawa nazo zinasaidia. Sertraline, kwa mfano, hupita kidogo sana kwenye maziwa, hivyo mama hahitaji kumwachisha mtoto ziwa.

Nyumbani, cha kwanza ni usingizi. Baba ambembeleze mtoto usiku, ampeleke kwa mama wakati wa kunyonya tu, kisha amchukue tena. Na maneno kama "bibi yako alizaa kumi" yakome.

Mzazi ambaye halali kabisa, anasikia sauti, au anasema mtoto amebadilishwa, ana ugonjwa mwingine mkali zaidi, unaompata mwanamke 1 au 2 kati ya 1,000. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Dua ziendelee akiwa wodini.

Mama akikuambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya kichwani. Akikubali, kaa naye, ondoa dawa na sumu zilizomo ndani, na mwende pamoja hospitali.