Parokia si ya padre peke yake: nafasi ya mlei katika makazi ya Nakivale

Mkimbizi anayefika Nakivale kutoka Kivu au Burundi hupanga mambo yake kwa utaratibu: kujiandikisha, kupata kiwanja, kusimamisha nyumba. Jumapili anatafuta kanisa. Anakaa nyuma, anasali misa, anarudi nyumbani. Miezi inapita, naye bado anakaa nyuma. Huenda kwao alikuwa katekista, mwimbishaji wa kwaya au mweka hazina. Ukimuuliza kwa nini hajajitokeza, atakujibu: "Mimi hapa napita tu."

Jibu hilo linaeleweka. Lakini Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapo waliozaliwa hapa, wakaoa hapa na kuwazika wazazi wao hapa. Anayesubiri kuondoka ndipo aanze kushiriki anaweza kusubiri miaka mingi. Makala hii inaeleza mlei anaweza kufanya nini katika parokia, na aanzie wapi.

Mlei ni nani?

Mlei ni Mkristo aliyebatizwa ambaye si padre, si shemasi wala si mtawa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulitoa hati nzima kuhusu utume wa walei. Inafundisha kwamba wajibu huo unatokana na ubatizo na kipaimara. Kwa hiyo mlei anayefanya kazi ya Kanisa hamsaidii padre kazi zake tu. Anatimiza wajibu wake mwenyewe.

Uganda inalijua jambo hili vizuri. Mwaka 1882 wamisionari Wakatoliki waliondoka Buganda, wakarudi 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre. Wakristo wachache waliobaki waliendelea kukutana, kufundishana dini na kutunza wagonjwa, na mapadre waliporudi walikuta kundi limekua. Mashahidi 22 Wakatoliki tunaowakumbuka kila Juni 3 walikuwa walei wote. Nako Kinshasa, mwaka 1975, Kardinali Joseph Malula alianza kuwakabidhi walei uongozi wa parokia. Waliitwa bakambi.

Jumuiya: majina mengi, kitu kimoja

Wakongo wengi wa mashariki wanasema shirika. Warundi wanasema sahwanya, Wanyarwanda wanasema umuryangoremezo. Kenya na Tanzania ni jumuiya ndogo ndogo. Mgeni anaweza kudhani ni vyama tofauti, kumbe ni kitu kimoja: kaya chache za jirani zinazokutana kusoma Neno la Mungu, kusali na kuulizana habari. Nani mgonjwa? Nani amefika jana? Nani amejifungua?

Huku kwenye makazi maswali hayo yana uzito kuliko kule kwetu. Kule kuna ukoo. Hapa mtu akifariki usiku, ndugu zake wako Uvira, wako Marekani, au hawajulikani walipo. Nani atachimba kaburi? Nani atalala na watoto wale? Mara nyingi ni watu wa jumuiya. Asiyejulikana na jumuiya yoyote huugua peke yake.

Kazi ambazo mlei anaweza kufanya

• Kufundisha watoto na watu wazima wanaojiandaa kwa sakramenti.
• Kusoma masomo, kuimba, kupanga vijana na watumishi wa altare.
• Kutafsiri. Misa ikiwa kwa Kinyankole, yupo asiyeelewa hata neno.
• Kutembelea wagonjwa na kumjulisha padre anayehitajika kupakwa mafuta.
• Kuongoza ibada ya Neno pale padre asipofika, kwa idhini ya parokia.
• Kuingia katika baraza la parokia au kamati ya fedha. Sheria ya Kanisa ya 1983 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, na waamini wanapaswa kuelezwa jinsi matoleo yao yalivyotumika.

Mipaka ipo pia. Mlei haadhimishi misa wala haungamishi. Lakini mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padre yuko mbali, mtu yeyote mwenye nia njema anaweza kumbatiza: anammiminia maji kichwani huku akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Baadaye parokia ijulishwe ili iandike jina.

Hofu tunazozisikia

"Cheti changu cha ubatizo kiliungua." Mweleze paroko. Sheria ya Kanisa inakubali tamko la shahidi mmoja wa kuaminika, au kiapo chako mwenyewe kama ulibatizwa ukiwa mtu mzima.

"Mimi ni mwanamke." Januari 2021 Papa Fransisko aliruhusu wanawake kupewa rasmi huduma ya usomaji na ya altare. Mei mwaka huohuo aliweka rasmi huduma ya katekista kwa walei, wanaume na wanawake. Kina mama wanaofagia kanisa na kupika siku ya sherehe wana haki pia ya kukaa penye meza ya maamuzi.

"Hakuna mshahara." Ni kweli, kazi nyingi ni za kujitolea. Ndiyo maana zigawanywe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katekista anayefundisha siku tatu kwa wiki naye ana shamba. Jumuiya ikimsaidia palizi, atadumu.

"Katika jumuiya ile kuna watu wa kabila lililotufukuza." Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na hakuna wa kukulazimisha. Zungumza kwanza na padre au mtu unayemwamini. Lakini jumuiya zikigawanyika kwa makabila, tumehama na vita vyetu. Anzeni na kazi isiyohitaji maneno mengi: kumbebea mgonjwa maji, kumjengea mjane choo. Wenyeji nao wasiachwe nje, maana parokia ni yao na yetu.

Tahadhari moja

Kiongozi wa jumuiya hana uwezo wa kukuweka kwenye orodha ya kupelekwa nchi ya tatu wala kukuongezea msaada. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Yeyote anayeomba pesa kwa ajili hiyo, hata akiwa na rozari shingoni, mkatalie na utoe taarifa.

Uanzie wapi?

Jumapili hii, baada ya misa, usiondoke haraka. Mwulize katekista jumuiya ya mtaa wenu inakutana siku gani na kwa nani. Nenda, jitambulishe, useme ulikuwa unafanya kazi gani kwenye parokia ya kwenu. Kisha omba kazi moja ndogo utakayoiweza. Na kama wewe ndiye kiongozi wa jumuiya, tazama viti vya nyuma: yule mgeni anayetoka bila kusalimiwa na mtu, mfuate umuulize jina lake.