Kubana, Kukaza na Kuwamba: Istilahi za Virungu vya Msumeno wa Nakshi

Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno machache yanayohusu sehemu moja ndogo ya mashine ya useremala, yaani virungu vinavyobana wembe wa msumeno wa nakshi. Yumkini msomaji atauliza kwa nini kitu kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba kipewe kurasa za jarida hili, hali sheria, tiba na uchumi vingali vinasubiri istilahi. Jibu ni barua tuliyoipokea kutoka kwa mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi, ambaye alikuwa amefasiri kijitabu cha maelekezo ya mashine hiyo kwa ajili ya wanafunzi wake. Katika ukurasa mmoja neno "kaza" lilitokea mara saba. Wanafunzi walitii. Walikaza kwa vidole, na wembe ulipozidi kulegea wakakaza kwa koleo, hata hesi ya kibano ikafa, kama mafundi wasemavyo, na mashine, ambayo chuoni ilikuwa moja tu, ikakaa kimya muhula mzima ikingoja kipuri. Mwalimu hakulalamika, aliuliza tu kama lipo neno jingine. Lililonisumbua ni kwamba "kaza" hakulibuni yeye. Alilipata katika orodha ya zana za useremala niliyoihariri mimi mwenyewe miaka michache iliyopita, na ndani yake vitenzi viwili tofauti vya Kiingereza, kimoja cha kuzungusha skrubu mpaka ishike na kingine cha kuvuta kitu mpaka kikakamae, vyote viwili vilipewa tafsiri hiyo moja.

Kabla ya kuyapima maneno, hapana budi kuijua mashine yenyewe. Msumeno wa nakshi una mikono miwili mirefu iliyolala sambamba, mmoja juu ya meza na mwingine chini yake. Kati ya ncha za mikono hiyo husimama wembe mwembamba wenye meno, ambao urefu wake wa kawaida ni inchi 5, yaani milimita 127 hivi. Mota huitikisa mikono juu na chini, na wembe hupanda na kushuka pamoja nayo. Katika mashine moja inayojulikana sana, DeWalt DW788, wembe hupiga mapigo 400 hadi 1,750 kwa dakika, na kila pigo lina urefu wa robo tatu ya inchi. Kwa kuwa wembe ni mwembamba, ubao huweza kugeuzwa kila upande na fundi akafuata mchoro wa jani, ua au herufi bila kuvunja mstari.

(Jina "msumeno wa nakshi" lenyewe lina kasoro. Nakshi tunazozijua katika milango ya Unguja na Lamu huchongwa kwa patasi, wala ubao hautobolewi. Mashine hii hutoboa. Yuko aliyependekeza "msumeno wa kimia", kwa vile kimia ni wavu au kitambaa chenye matundu, na ubao uliokatwa hivyo hufanana nacho. Mimi nalipenda pendekezo hilo, lakini si la leo.)

Sasa tufike kwenye ncha za mikono. Kila ncha ina kipande cha chuma chenye ufa, na mwisho wa wembe huingizwa katika ufa huo. Upande mmoja wa ufa pana skrubu ndogo isiyozungushwa kila siku. Upande wa pili pana skrubu yenye kichwa kikubwa cha kushikwa kwa vidole. Fundi akikizungusha, ncha ya skrubu huusukuma wembe mpaka ukaegemea ile skrubu ya kwanza. Wembe hushikwa kwa msuguano peke yake. Zipo nyembe zenye vijiti vidogo vilivyopenya katika ncha zao, ambazo huning'inizwa tu. Lakini nyembe nyembamba zaidi, zile za kazi ya urembo hasa, hazina vijiti hivyo, na hutegemea ubano huo mmoja.

Kile kipande cha chuma tukiiteje? Kiswahili kilikuwa na maneno matatu yaliyo karibu. La kwanza ni "jiliwa", neno zuri la karakana, lakini jiliwa hufungwa katika meza ya fundi na hushika kazi inayotengenezwa, si zana inayoitengeneza. La pili ni "gango", ambalo asili yake ni kuganga: gango huunga kilichovunjika, na likishafungwa hukusudiwa kubaki. La tatu ni "kibano", kutokana na kubana, nalo halidai chochote zaidi ya tendo lenyewe. Kibano hufungwa na kufunguliwa siku nzima, na hivyo ndivyo ilivyo kazi hii. Tumechagua "kibano", wa juu na wa chini tukivitofautisha kwa maneno hayo hayo: kibano cha juu, kibano cha chini.

Kichwa cha kuzungushwa kilitupa taabu zaidi. "Kitufe" hubonyezwa. "Kitasa" ni cha mlango na sanduku, na anayelisikia hutafuta ufunguo. "Kishikio" hushikwa lakini si lazima kizunguke. Sufuria ina vishikio. "Kinundu" hueleza umbo tu, tena umbo la uvimbe. Likabaki "kirungu", ambalo kwa watu wengi ni fimbo ndogo yenye kichwa cha mviringo. Mjumbe mmoja alipinga kwamba rungu ni silaha. Ni kweli, ila kiambishi awali "ki-" kimeshapunguza ukali wake, na umbo la kitu liko sahihi: shina jembamba lenye kichwa kinene. Kirungu kilichoongezwa mabawa mawili ya kusukumia vidole tunapendekeza kiitwe "kirungu cha masikio", kama tusemavyo masikio ya chungu.

Ama mistari ya mzunguko iliyo kwenye shina la skrubu, mafundi wengi siku hizi huiita "uzi". Hatuwakatazi. Hata hivyo "hesi" ni neno la zamani la jambo hilo hilo, fupi na lisilochanganyika na uzi wa kushonea, na katika maandishi ya mafunzo tunaliona bora. Kuhusu "wembe", wapo wasemao kwamba wembe hauna meno; lakini badala yake ni "bledi", na maana ya wembe imekwisha kupanuka kwa watumiaji.

Turudi kwenye "kaza". Kwa utaratibu tulioufuata tangu zamani, istilahi hutafutwa kwanza katika Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, ndipo tuende kwa wageni. Nilikwisha kuanza kuandika visawe vya kukopa nilipokwenda Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana za samani, nikamkuta fundi mmoja mzee akifunga wembe mpya. Alizungusha kirungu cha juu kwa vidole viwili, kisha akashika wenzo ulio juu ya mkono wa mashine na kuusukuma, halafu akaudonoa wembe kwa ukucha kama mtu anayepiga zeze. Ukalia. Nikamwuliza, "Mzee, hapo umeukaza?" Akasema, "Hapo hukazi, mwanangu. Umeshabana. Hapo unawamba."

Neno lilikuwepo siku zote. Tunawamba ngoma, tunawamba kitanda kwa kamba, na methali ya mwamba ngoma hujulikana na kila mtoto wa shule. Kuwamba si kushika. Ni kuvuta kitu kilichokwisha shikwa kwenye kingo zake, mpaka kikakamae. Tena kipimo chake ni sauti, kwa ngozi na kwa wembe vilevile: ukilegea hutoa mlio mzito, ukiwambwa barabara hulia kwa sauti nyembamba iliyo safi. Kwa hiyo kuna matendo matatu, na kila moja lina mahali pake. Kukaza ni kuzungusha kirungu. Kubana ni matokeo yake, yaani wembe kushikwa na kibano. Kuwamba ni kuvuta wembe kwa wenzo baada ya vibano vyote viwili kubana. Wanafunzi wa chuo kile waliona wembe umelegea, wakaambiwa "kaza", wakaenda kwenye kirungu. Wembe wao ulikuwa umebanwa vizuri tangu mwanzo, haukuwa umewambwa.

Jozi nyingine iliyotupotosha ni "matengenezo" na "matunzo". Wafasiri wengi huandika "matengenezo" kwa kila kazi inayofanywa juu ya mashine, na msomaji, kwa haki kabisa, husubiri mpaka iharibike ndipo aitengeneze. Virungu hivi vinahitaji matunzo, na ni vyema mfasiri ajue ni matunzo gani ili asifasiri gizani. Nyembe mpya aghalabu huja zimepakwa mafuta yasizishike kutu. Mafuta hayo yakiingia kati ya chuma na chuma, msuguano hupungua na wembe huchomoka. Basi ncha za wembe hufutwa kwa kitambaa, na pengine hukwaruzwa kidogo kwa msasa. Kadhalika uso wa ncha ya skrubu husuguliwa mpaka laini kwa kuwambwa na kubanwa mara nyingi, ukang'aa kama sarafu kuukuu, au ukaingia kishimo kinachoupindisha wembe. Msasa mwembamba huurudisha, na kishimo kikizidi skrubu hubadilishwa. Unga wa mbao hupigwa mswaki utoke katika hesi. Mafuta ya maji hayafai hapo, kwa kuwa hutiririka mpaka kwenye wembe na kurudisha ubaya uleule tulioufuta.

Na koleo lisiguse kirungu. Hili liandikwe kwa herufi nene katika kila tafsiri.

Yako matendo ya tatu, nayo ni kubadilisha virungu vya asili kwa virungu vilivyo bora. Hapa "kuboresha" linatosha, mradi mfasiri aeleze kinachoboreshwa. Anayetoboa kazi yenye matundu 50 hulegeza kibano cha juu mara 50 na kukikaza tena mara 50, kwani kila tundu la ndani hutaka wembe uchomolewe na kupitishwa katika tundu lililotobolewa kwa kekee. Vidole vya mtu mzima mwenye maumivu ya viungo haviwezi kazi hiyo kwa kirungu chembamba. Kirungu chenye upana wa milimita 30 mahali pa kile cha milimita 15 huzidisha mara mbili nguvu ya kuzungusha, hali vidole vinasukuma vilevile. Lakini faida hiyo hiyo ndiyo hatari yake: hesi ya kibano, hasa kilichotengenezwa kwa madini laini kama alumini, haikuongezeka nguvu. Kirungu kikubwa kimekusudiwa kumpunguzia fundi jasho, si kumwongezea mkazo. Tena kisiwe kizito mno, maana hupanda na kushuka pamoja na mkono wa mashine na huongeza mtikisiko. Na kile cha chini kipimwe kisije kikagonga meza kwa upande wake wa chini.

Hapo ndipo mfasiri anapokutana na vipimo, na ningemwomba asivibadilishe kwa ukarimu. Skrubu ya milimita 6 ina hesi yenye mwendo wa milimita 1 kwa kila mzunguko. Skrubu ya robo inchi yenye hesi 20 kwa inchi ina unene wa milimita 6.35 na mwendo wa milimita 1.27. Kwa macho hufanana. Ya milimita 6 ikitiwa katika tundu la robo inchi huingia mizunguko michache ikichezacheza, kisha hugoma, na anayeilazimisha huua hesi ya kibano. Nimeona tafsiri iliyoandika "robo inchi (milimita 6)", kwa nia njema ya kumsaidia msomaji asiyejua inchi. Kama kijitabu kimesema robo inchi, iandikwe robo inchi, na hesi zake zitajwe.

Orodha iliyosahihishwa imekwisha kupelekwa kwa mwalimu yule, naye amejibu kwamba "wamba" limeeleweka siku ya kwanza, isipokuwa mwanafunzi mmoja aliyecheka. Limebaki jambo moja tusilolimaliza, nalo ni jina la ile skrubu ndogo ya upande wa pili wa ufa, ambayo wembe huiegemea. Pendekezo la kikao ni "skrubu tuli", lakini skrubu hiyo hurekebishwa kila ncha yake ilikapo, na mtu aliyeambiwa kuwa kitu ni tuli hatakigusa. Fundi wa Keko huiita "ukuta". Kwa sasa nimeyaandika yote mawili kwa penseli, na mwalimu ameniarifu kwamba darasani kwake wameshaanza kusema ukuta.