Miondoko 32 ya Joong-Gun

Wanaoitazama taekwondo kwa mbali huuliza swali lilelile: mbona hawa wanapigana na hewa? Kisha hucheka. Mabondia ndio hawana huruma kabisa. Kwao pumse, ile mifululizo ya miondoko isiyo na mpinzani, ni ngoma iliyovishwa sare nyeupe. Haya, iwe ngoma. Tangu lini ngoma ikawa kitu cha kudharauliwa?

Mwenye mkanda mweupe huanza na pumse iitwayo Taegeuk ya kwanza, miondoko 18. Anageuka kushoto, anakinga chini, anapiga ngumi, anageuka nyuma, anakinga tena; ukelele hautoki mpaka ngumi ya mwisho. Akimaliza sharti awe amerudi palepale alipoanzia, na hatua moja ikizidi au kupungua, sakafu itamsuta. Mwalimu hasemi mengi. Anamgusa goti, anamwambia macho yatangulie kabla ya mwili kugeuka, anamrudisha mwanzo. Na mwenye mkanda mweusi wa miaka mingi husimama mstari huohuo, akaifanya hiyohiyo ya kwanza, wala haoni haya. Huo ndio utamaduni wenyewe. Mbao zinazovunjwa kwa teke ni za kufurahisha wageni.

Wajuaji nao hutukumbusha kwamba asili ya haya yote ni karate. Mengi ya mwanzo, ndiyo: Japani iliitawala Korea tangu 1910 hadi 1945, na waasisi kadhaa walijifunzia hukohuko Japani. Lakini tazama kilichofuata. Jenerali Choi Hong Hi, mwanzilishi wa shirikisho la kimataifa la taekwondo, ITF, mwaka 1966, alisimamia utungaji wa mifululizo mipya iliyopewa majina ya mashujaa wa Kikorea. Mmojawapo, Joong-Gun, una miondoko 32, umri aliofia An Jung-geun kwa hesabu ya jadi ya Kikorea, ambayo humpa mtoto mwaka mmoja siku anayozaliwa. Huyo ndiye aliyempiga risasi Ito Hirobumi, kigogo wa Japani, kule Harbin mwaka 1909, akanyongwa mwaka uliofuata. Mtoto wa leo huuhesabu umri wa marehemu kwa mikono na miguu yake, kila jioni ya mazoezi. Karate gani ilimfundisha hilo?

Kinachoniuma mimi ni kingine. Mwaka 2006 yalianza mashindano ya dunia ya pumse, Seoul, na tangu hapo macho ya majaji yamewabadilisha wachezaji. Katika pumse ya Koryo, teke la upande hupigwa mara mbili kwa mguu uleule: kwanza gotini, kisha juu. La pili sasa linapaa karibu wima, mguu unagandishwa hewani, ukumbi unalipuka kwa makofi. Vijana siwalaumu, wanafuata medali. Lakini lile la gotini, ambalo ndilo lingemwangusha mtu, hupitishwa harakaharaka kama deni la aibu, na walimu wengine hawalisahihishi tena.