Mkono wa Mganga Nao Hufundishwa

Kijana anayejifunza useremala huharibu mbao nyingi kabla ya kutengeneza kiti kisichoyumba. Fundi wake humkemea, kisha humpa ubao mwingine. Lakini mganga anayejifunza kupasua hana ubao wa kuharibu: mbele yake amelala mama wa watu. Basi, yeye hujifunzaje? Tulitazame jambo hili katika kazi moja, yaani kuondoa fibroidi kwa njia ya matundu madogo.

Fibroidi ni uvimbe unaoota katika nyama za mji wa mimba. Si kansa, na wanawake wengi wanao bila kujua. Lakini wengine hutokwa na damu nyingi kila mwezi hata kudhoofika, na wengine hukosa watoto. Zamani waganga waliondoa mji wa mimba wote. Mganga Victor Bonney wa London aliyaona hayo nyumbani kwake mwenyewe: mkewe aliondolewa mji wa mimba kwa sababu ya uvimbe huo, nao hawakupata mtoto. Tangu hapo Bonney alijitahidi kuutoa uvimbe na kuuacha mji wa mimba mahali pake. Safari moja alimtoa mwanamke mmoja vivimbe zaidi ya 200.

Bonney alilifungua tumbo kwa kisu. Baadaye, Kurt Semm wa mji wa Kiel, Ujerumani, alikuwa miongoni mwa walioonyesha njia nyingine. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni, kamera ndogo hupitishwa katika tundu moja, na vyombo vyembamba katika matundu mengine. Mgonjwa huona maumivu machache na kurudi kwake upesi.

Kwa mgonjwa ni nafuu, bali kwa mganga ni kazi ngumu. Macho yake hutazama kioo cha picha, si mwili wenyewe. Mkono ukienda kulia, ncha ya chombo huenda kushoto. Vidole haviwezi kupapasa uvimbe uliojificha. Tena kilicho kigumu kuliko vyote ni kushona. Kidonda cha mji wa mimba lazima kishonwe barabara, tabaka kwa tabaka. Kisiposhonwa vema, chaweza kupasuka katika mimba ifuatayo, mama na mtoto wakawa hatarini.

Ndiyo sababu kazi za kwanza za mganga huchukua saa nyingi zaidi, na damu huweza kupotea zaidi. Ni kama kupanda mlima: mwanzo ni mkali, kisha njia hulala.

Ili mgonjwa asilipe gharama ya mafunzo hayo, mwanafunzi huanzia nje ya mwili. Semm mwenyewe alitengeneza sanduku la mazoezi, ambamo mkono huzoea kushika na kufunga fundo. Kisha mwanafunzi hushika kamera tu. Halafu hupewa uvimbe mdogo ulio mahali pepesi, mwalimu akisimama kando yake. Tena hufundishwa kwamba, kazi ikimshinda, kulifungua tumbo kwa kisu si aibu. Aibu ni kung'ang'ania.

Hata mabingwa hawaachi kujifunza. Walizoea kuukatakata uvimbe mkubwa ndani ya tumbo kwa kisu kinachozunguka, wapate kuutoa. Mwaka 2014 wakuu wa dawa wa Marekani walionya ya kwamba, kama kansa imejificha humo, kisu hicho chaweza kuitawanya. Mwaka 2020 walishauri kwamba kisu hicho kitumiwe tu kwa wagonjwa wanaofaa, tena ndani ya mfuko maalum.

Basi, mama akiambiwa apasuliwe kwa njia hii, yeye na mumewe wasione haya kuuliza: «Mganga, kazi hii umeifanya mara nyingi? Nani atakuwa pamoja nawe?» Hilo si tusi. Mganga mwema atajibu kwa upole, kwa maana anakumbuka alikoanzia. Mwenda pole hajikwai.