Ufunguo moja hautoshi: tujue tunachopokea pamoja na motokari

Ndugu wafanyakazi wa mine, na ninyi mama na watoto munaosoma gazeti hili nyumbani,

Wakati mutu wa mine anapokea dekonti yake, ao zamu yake ya likelemba imefika, mawazo yanaenda mbio: shamba, nyumba, ao motokari. Motokari ile mara nyingi ni okazyon. Imetoka Japani, imeshuka bandari ya Dar es Salaam ao Durban, imepita Zambia, imeingia kwetu kwa mulango wa Kasumbalesa. Tunafungua kapo, tunasikiliza moteri, tunapiga pneu mateke, tunalala chini kuangalia kama mafuta inavuja. Na ufunguo? Muuzaji anatutia ufunguo moja mukononi, tunashukuru, tunaondoka.

Sisi wa sindika tunasema: pale njo kunabaki deni ambalo hatukuliona. Katika motokari za leo, ufunguo si chuma tena. Ni sehemu ya motokari yenyewe, sawa na moteri. Mutu anayekupa ufunguo moja pale ambapo kiwanda kilitoa mbili, hakukupa motokari nzima.

Kutoka chuma mpaka radio

Zamani ufunguo ulikuwa chuma chenye meno. Ukiupoteza, fundi wa sokoni alikukatia mwingine, ukarudi nyumbani. Mwizi naye hakuchoka: alivunja kufuli, akaunganisha nyuzi mbili, moteri ikawaka.

Kwa sababu ya wizi ule, katika miaka ya 1990 viwanda vilianza kutia chipu ndogo ndani ya plastiki ya ufunguo. Tangu 1998, sheria ya Ulaya inataka kila motokari mpya iwe na kizuizi hicho, kile Wafaransa wanaita antidemaraji. Sisi watu wa mine tunaweza kuelewa haraka. Pa mulango wa shimo, kila mutu iko na jeton yake yenye nambari. Jeton isiyo katika rejista haishuki. Chipu ni ile ile: ukizungusha ufunguo, motokari inauliza nambari, chipu inajibu, na kama nambari haiko katika kumbukumbu yake, moteri inakataa kuwaka hata kama meno ya chuma yanaingia sawasawa. Chipu haihitaji pile. Motokari yenyewe inaipa nguvu kidogo kwa mawimbi.

Telekomande ya kufungua milango ni jambo lingine. Ilianza mbele ya chipu: Renault iliitia katika Fuego mwaka 1982. Jina "plip" ambalo mekanisyen wetu wanatumia mpaka leo, linatoka kwa jina la muvumbuzi wake, Paul Lipschutz. Telekomande za kwanza zilituma alama moja kila siku, na mwizi mwenye chombo aliweza kuirekodi na kuirudisha. Sasa alama inabadilika kila ukibonyeza. Ni kama neno la siri la mulinzi wa posti: la jana usiku, leo halifungui kitu.

Ufunguo unaobaki mufukoni

Mwaka 1998 Mercedes-Benz ilileta katika S-Class ufunguo ambao hautoki mufukoni. Leo tunaukuta hata katika Toyota ndogo za okazyon. Unashika mukono wa mulango, unafunguka. Unakanyaga freni, unabonyeza kitufe, moteri inawaka.

Kazi inaenda hivi: motokari inaita kwa sauti ndogo sana ya radio, inayofika karibu metre moja ao moja na nusu. Ufunguo ukisikia mwito ule, unajibu. Motokari inafikiri: kama amenisikia, basi iko karibu. Na hapo njo kuna tundu.

Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha Zurich, Uswisi, walionyesha tundu lile. Walipima motokari 10 za viwanda 8, na zote zilifunguka na kuwaka. Wezi wanahitaji kuwa wawili. Moja anasimama karibu na motokari na chombo kinachochukua mwito wake, mwingine anasimama karibu na mulango wa nyumba na chombo kinachourudisha kwa nguvu. Ufunguo uko juu ya meza ndani, unasikia mwito, unafikiri motokari iko pembeni, unajibu. Hakuna kioo kimevunjika, hakuna kelele. Motokari mpya zingine sasa zinapima muda wa jibu ili zijue ufunguo uko mbali gani, lakini nyingi za okazyon tunazonunua hazina kipimo kile.

Dawa yake haina bei kubwa. Usiku, tia ufunguo ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko cha chuma, kama yale ya maziwa ya unga. Kisha jaribu: simama karibu na motokari, kopo limefungwa mukononi, shika mulango. Ukifunguka, tafuta kopo lingine. Katika Toyota nyingi za aina hii kuna njia ya pili: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili. Taa ndogo inawaka mara ine, na ufunguo unalala mpaka utakapobonyeza kitufe tena.

Kuna na wizi mwingine, ambao umesumbua sana Afrika Kusini. Mwizi anakaa katika parkingi na chombo kinachofunika mawimbi. Unabonyeza kufunga, unaenda zako, kumbe milango haikusikia. Usiamini kidole. Vuta mulango kwa mukono mbele ya kuondoka. Kama ni ule wa mufukoni, ambao mulango wake unafunguka wenyewe ukiushika, angalia taa na usikilize kufuli ziingie.

Ukipotea, nani analipa?

Tufike pa mufuko sasa. Kama iko na ufunguo moja unaotumika, fundi mwenye mashine anaweza kuandikisha wa pili kwa muda mufupi, kwa sababu motokari inakubali ufunguo unaojulikana umulete mwenzake. Lakini kama funguo zote zimepotea, motokari haina mutu wa kumuamini. Katika aina nyingi inabaki kufungua kompyuta yake, ao kuibadilisha, na mbele ya hapo kuivuta mpaka garaji. Kazi ile inaweza kumeza mishahara. Kwa hiyo, ufunguo wa pili unatafutwa wakati wa kwanza ungali mukononi.

Angalia tena unachonunua. Funguo za motokari za soko la Japani zinasema kwa megaherzi karibu 315, na za Ulaya kwa 433. Plastiki inaweza kufanana kabisa, lakini moja haiwezi kusikilizana na motokari ya mwingine. Usinunue ufunguo kwa macho.

Na ufunguo ukipokelewa, uliza: zingine ziko wapi? Ule uliobaki kwa muuzaji, ao kwa shofele wake wa zamani, ungali unafungua motokari yako. Mashine ya fundi inaweza kusoma idadi ya funguo zilizoandikwa, na kufuta zile usizozishika.

Pile ikikufa njiani, usivunje kioo. Ndani ya ufunguo wa mufukoni kuna kichuma kidogo kinachofungua mulango wa shofele. Kwa Toyota nyingi, kanyaga freni, gusisha ufunguo pa kitufe cha kuwasha, kisha bonyeza. Chipu haihitaji pile, tulisema.

Hatari ya nyumbani na ya kazini

Mama, hapa tunaomba musome vizuri. Pile ile ya mviringo, mingi ni CR2032: milimetre 20 upana, 3.2 unene, volti 3. Ndani yake kuna lithium na manganese, madini ile ambayo Kisenge ilichimba. Mutoto mudogo akiimeza na ikakwama katika koo, inaweza kuchoma nyama ya ndani katika masaa mawili. Usimutapishe. Usingoje kesho. Kimbia hospitali na useme wazi: amemeza pile. Ukibadilisha pile, ya zamani usiiache juu ya meza.

Hatari ya pili tunaijua sisi watu wa shimo: gazi isiyo na harufu. Kule Marekani watu wamekufa kwa sababu walitoka na ufunguo mufukoni, wakafikiri moteri imezimika. Iliendelea kufanya kazi ndani ya garaji iliyoshikamana na nyumba, na moshi ukaingia walipolala. Motokari za ibridi ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa zinanyamaza, kisha moteri inawaka yenyewe. Bonyeza kuzima, kisha angalia tablo kama taa zote zimezimika.

Na kazini: pale wanapotega baruti yenye detonateri za umeme, tunaacha simu na radio nje. Ufunguo wa telekomande nao ni radio ndogo. Muulize mukubwa wa baruti, na ufuate amri yake.

Tunavyopashwa kuomba

Sisi tunazoea kudai maandishi kwa mwajiri. Tudai na kwa muuzaji wa motokari. Mbele ya kuhesabu dola, fanyeni mambo mane:

Moja, funguo mbili zijaribiwe pale pale, zote kufungua na kuwasha. Mbili, fundi asome idadi ya funguo katika kompyuta, na afute zisizoonekana. Tatu, idadi ya funguo iandikwe katika karatasi ya mauzo, na muuzaji atie sahihi. Ine, kama kuna ufunguo moja tu, bei ya kutengeneza wa pili itolewe katika bei ya motokari, si katika mufuko wako mwezi ujao.

Muuzaji atasema munasumbua. Na bosi anasema hivyo tukimuomba kofia na buti. Tunaomba hata hivyo, kwa sababu franka ile tuliitafuta chini ya udongo, na hakuna mutu mwingine wa kuichunga mahali petu.